Habari za Milingoti ya Orford Ness

Mtu awashapo redio jioni akasikia sauti ya mtu aliye mbali, huuliza, Ni nani asemaye? Tena huuliza, Asema nini? Lakini ni wachache waulizao, Sauti hii imepita njia gani hata ikanifikia nyumbani kwangu? Leo twapenda kueleza habari za mtambo mmoja wa kupeleka sauti uliojengwa ukingoni mwa bahari katika nchi ya Uingereza, mahali paitwapo Orford Ness. Tumeuchagua huo kwa sababu mbili. Kwanza, pale yaonekana wazi jinsi mafundi walivyoifanya bahari yenyewe kuwa barabara ya sauti. Pili, historia yake yaonyesha ya kuwa mwenye kusema na watu wa mbali ana kazi mbili: kuwafikia masikioni, na kusadikiwa nao. Kazi ya kwanza hutendeka kwa chuma, na shaba, na nguvu ya umeme. Ya pili haitendeki kwa vitu hivyo, hata vikiwa vingi namna gani.

Orford Ness ni ulimi wa nchi katika jimbo la Suffolk, upande wa mashariki wa Uingereza. Urefu wake wapata maili 10, nao ni mwembamba. Upande mmoja umepakana na Bahari ya Kaskazini, na upande wa pili umetengwa na bara kwa mto. Nchi yake si nchi ya kulima. Sehemu kubwa ni kokoto tupu zilizorundikwa na mawimbi kwa muda wa miaka mingi, na nyuma ya kokoto ni matope ya maji ya chumvi, yafananayo kidogo na yale tuyaonayo nyuma ya mikoko katika pwani yetu. Upepo ni mkali, na bahari hula ukingo bila kuchoka. Mkulima hapataki mahali kama hapo. Lakini fundi wa redio hupatamani, na sababu yake ni hii.

Sauti ya mtu peke yake haiendi mbali. Mtu mwenye kifua kikubwa akiita kutoka mlimani, watu wa bonde la pili labda watamsikia, nao wa bonde la tatu hawatasikia neno. Basi mafundi huipakia sauti katika kitu kingine kiendacho kasi, kama vile msafiri apandavyo chombo. Kitu hicho ni mawimbi ya umeme, ambayo huenda kilometa 300,000 katika sekunde moja. Mtambo huutikisa umeme juu na chini katika mlingoti mrefu wa chuma, na kila tikiso huzaa wimbi moja. Mtambo mkuu wa Orford Ness uliutikisa umeme mara 648,000 katika kila sekunde, na kwa sababu hiyo wasikilizaji waliutafuta katika redio zao penye namba 648, yaani kilohezi 648. Ukigawanya mwendo ule kwa hesabu ya mitikiso, utapata urefu wa wimbi moja, nao ni mita 463. Mawimbi ya kadiri hii huitwa mawimbi ya kati, kwa kuwa yamo kati ya mawimbi marefu na mawimbi mafupi. Msemaji anenapo, sauti yake hulifanya wimbi kuwa kubwa au dogo kwa kuifuata, na redio ya msikilizaji huyapokea mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa sauti tena.

Mawimbi mafupi na mawimbi ya kati hayaendi njia moja. Mawimbi mafupi hurushwa juu, yakafika kwenye matabaka ya hewa yaliyo juu sana, yakarudishwa chini mbali, hata maelfu ya maili. Kwa mawimbi hayo London ilianza kusema nasi kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Lakini mawimbi ya kati wakati wa mchana hayawezi kufanya hivyo, kwa maana jua huamsha tabaka moja la hewa ambalo huyameza. Basi hutambaa juu ya uso wa nchi, yakifuata mabonde na vilima, na kila yendapo nchi huyanyonya nguvu kidogo kidogo. Jua likitua, tabaka lile hupotea, na mawimbi ya kati nayo huweza kupanda na kurudi. Ndiyo sababu redio ya mawimbi ya kati isiyosikika kabisa adhuhuri husikika saa tatu za usiku, mara kwa nguvu, mara kwa kufifia. Wengi wetu tumeona jambo hili bila kujua asili yake.

Basi, mtu atakaye kusikika mchana kwa mawimbi ya kati na autazame uso wa nchi mawimbi yatakapopita. Mchanga mkavu na mwamba havipitishi umeme vizuri, navyo hulichosha wimbi upesi, kama mchanga mzito uchoshavyo miguu ya mpagazi. Lakini maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi yake, hupitisha umeme zaidi ya mara elfu kuliko mchanga mkavu. Juu ya maji hayo wimbi huteleza mbali bila kupoteza nguvu nyingi. Sasa fikirini Orford Ness. Bahari iko karibu na miguu ya milingoti, na kutoka hapo hakuna kilima wala msitu mpaka pwani ya Uholanzi, mwendo wa maili 110 hivi, maji matupu. Mtambo ule ule ukijengwa katikati ya bara, sehemu kubwa ya nguvu zake zingenyonywa na udongo kabla ya kuona bahari.

Tena mlingoti wa redio, kama mti, una sehemu ionekanayo na sehemu iliyofichwa. Sehemu iliyofichwa ni nyaya za shaba zinazotandazwa ardhini kuuzunguka, kama mizizi, ili umeme upate njia njema ya kurudi. Mwaka 1937 mafundi wa Marekani walionyesha kwa majaribio ya kuwa nyaya 120 zilizotandazwa pande zote hufaa sana, na ya kuwa anayebana shaba huipoteza nguvu yake katika udongo. Matope yenye chumvi huisaidia kazi hiyo. Bali chumvi ile ile isaidiayo chini huharibu juu. Hula chuma, hushikamana na vigae vinavyouzuia umeme usikimbilie mahali pasipotakiwa, na wakati wa ukungu huweza kuufanya umeme uruke kwa cheche. Kwa hiyo mtambo wa pwani huhitaji watu wa kuusafisha na kuupaka rangi daima. Bahari hutoa barabara, lakini hutoza ushuru.

Urefu wa milingoti nao haukukisiwa tu. Mlingoti hufanya kazi vizuri urefu wake ukikaribia robo ya wimbi. Robo ya mita 463 ni mita 116, na milingoti ya kilohezi 648 pale Orford Ness ilikuwa na urefu wa mita 107 hivi, yaani futi 350. Nayo ilikuwa mitano, imesimama katika mstari. Labda msomaji atauliza, Kwa nini mitano, iwapo mmoja ungeweza kusema? Jibu lake watoto wanaochezea bwawa walijua zamani. Tupa jiwe moja majini, nawe utaona viwimbi vikienda pande zote sawasawa. Tupa mawe mawili pamoja, mahali mbalimbali kidogo, nawe utaona viwimbi vikikutana. Penye mgongo kukutana na mgongo, maji huinuka zaidi. Penye mgongo kukutana na bonde, maji hutulia. Mafundi hupima nafasi kati ya milingoti, na kupima saa ya kila mlingoti kutikiswa, hata mawimbi yote yakaongezana upande mmoja na kuuana upande mwingine. Hivyo sauti ya Orford Ness ilielekezwa mashariki kwa watu wa bara la Ulaya, wala haikumwagwa bure nyuma.

Hizo ndizo habari za kazi ya kwanza, kazi ya kufika. Sasa tutazame kazi ya pili, na kwa ajili hiyo yatupasa kuiacha pwani kidogo na kurudi nyuma mpaka wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa sauti ya Orford Ness ilirithi kazi ya mtambo mwingine uliotangulia.

Huko Marekani, katika mwaka 1934, kituo kimoja cha mji wa Cincinnati kilianza kusema kwa kilowati 500, nguvu ambayo haikuwa imesikiwa katika nchi ile. Vituo vingine viliona wivu, wakubwa wa serikali wakaingia hofu, na baadaye sheria ikakataza kituo chochote kupita kilowati 50. Kampuni ya RCA ilikuwa imekwisha kutengeneza mtambo mwingine wa kilowati 500, na kwa sheria hiyo ukakosa mtu wa kuutumia. Waingereza, waliokuwa wakipigana na Hitler, walisikia habari zake. Mwaka 1941 waziri mkuu wao Churchill alikubali ununuliwe. Ukavushwa baharini, ukajengwa karibu na mji wa Crowborough, katika kusini ya Uingereza, juu ya kilima. Askari wa Kanada walichimba shimo la kina cha futi 50 hivi, na humo mtambo ukafichwa chini ya ardhi, ndege za adui zisiupate. Juu yake ilisimamishwa milingoti mitatu ya futi 360. Fundi wake mkuu aliitwa Harold Robin. Watu wakaupa mtambo jina la Aspidistra, jina la mmea wa majani mapana ambao Waingereza wengi hupanda chunguni nyumbani. Jina hilo lilitoka katika wimbo wa kuchekesha uliopendwa siku zile, wenye kusimulia mmea wa namna hiyo uliokua kupita kiasi.

Aspidistra ilianza kazi tarehe 8 Novemba 1942, siku majeshi ya Marekani na Uingereza yalipotua katika Afrika ya Kaskazini. Ilikuwa na jambo moja la ajabu kwa ufundi: iliweza kuhama kutoka namba moja kwenda namba nyingine kwa muda mfupi sana, kazi ambayo kwa mitambo mikubwa mingine ilichukua muda mrefu. Na hapo ndipo maneno yetu juu ya kusadikiwa yanapoanza.

Mtambo huo ulitumwa kazi za namna mbili. Wakati mwingine ulichukua habari za BBC kwa watu wa Ulaya. Katika habari za BBC Waingereza walikuwa wametangaza hata kushindwa kwao wenyewe, kama kuanguka kwa Singapore na kwa Tobruk katika mwaka 1942, kabla mtambo huu haujaanza kazi. Wakubwa wa kazi hiyo waliona ya kuwa mtu akisikia ukweli unaomwumiza msemaji mwenyewe, atamwamini siku atakapoleta habari njema. Lakini wakati mwingine mtambo ule ule ulisema kwa hila. Tangu mwisho wa mwaka 1943 ulitangaza kituo kilichojifanya kuwa redio ya askari wa Kijerumani. Msimamizi wake alikuwa Sefton Delmer, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Berlin na kukijua Kijerumani kama mwenyeji. Kituo hicho kilipiga muziki mzuri, kikatoa habari za kweli nyingi, na katikati ya kweli kikatia uongo kidogo, kama mtu atiaye sumu katika mchuzi mtamu. Nia ilikuwa kuwavunja moyo askari, na kuwafanya wasiwaamini wakubwa wao.

Hila iliyo kubwa kuliko zote ilingojewa mpaka Machi 1945. Ndege za kutupa mabomu zilipokaribia mji wa Ujerumani, redio ya mji ule ilikuwa na desturi ya kunyamaza, ili wenye ndege wasiifuate kama taa ya kuwaonyesha njia. Basi usiku mmoja redio ya mji mmoja iliponyamaza, Aspidistra iliingia penye namba ile ile mara moja, ikaendeleza matangazo ya Kijerumani yaliyopokewa kutoka kituo kingine, hata msikilizaji asitambue ya kuwa msemaji amebadilika. Kisha kwa sauti ya Kijerumani safi ikatoa amri za uongo, kama kuwaambia watu wahame nyumba zao, ili barabara zijae watu na mikokoteni na majeshi yakose njia. Wajerumani walipotambua, walitangaza onyo ya kuwa adui anasema kwa namba zao. Lakini onyo lenyewe lilipita katika hewa ile ile. Msikilizaji aliyekaa gizani angewezaje kujua kama aliyemwonya ni wake au ni adui?

Tusihukumu jambo hili kwa haraka. Vita vile vilikuwa na serikali katili iliyoua mamilioni ya watu, na waliofanya hila walisema ya kuwa kila siku iliyopunguzwa katika vita iliokoa roho za watu. Neno hilo lina uzito, wala hatuwezi kulitupa. Lakini lipo neno la pili, nalo lina uzito pia. Wale walioambiwa wahame nyumba zao kwa amri ya uongo hawakuwa askari wote. Walikuwamo kina mama na watoto, na wazee. Tena uongo haukai mahali ulipotumwa. Delmer mwenyewe aliandika kitabu katika mwaka 1962 habari za kazi yake, akakipa jina la Black Boomerang. Boomerang ni silaha ya wenyeji wa Australia, gongo lililopindwa ambalo liko namna yake ikirushwa humrudia mwenye kuirusha. Mtu aliyeijua kazi ile kuliko wote alichagua jina hilo kwa mkono wake.

Vita vilipokwisha, mtambo wa Crowborough haukuvunjwa. Uliendelea kwa miaka mingi kuchukua matangazo ya BBC kwa watu wa Ulaya. Chuma kilikuwa kile kile na shimo lile lile. Lililobadilika ni neno lililopakiwa. Basi twaona ya kuwa milingoti haijui kweli wala uongo. Hupeleka yote mawili kwa kilowati zile zile, na kwa mwendo ule ule.

Sasa turudi Orford Ness. Ulimi ule wa kokoto ulikwisha kuzoea mambo ya siri. Katika mwaka 1935 Robert Watson-Watt na wenzake walikwenda huko kujaribu kuziona ndege kwa mawimbi ya redio, na mwezi wa Juni waliiona ndege iliyokuwa mbali maili 17. Huo ulikuwa mwanzo wa rada ya Waingereza iliyowasaidia sana vitani. Tangu mwaka 1954 mpaka 1971 palikuwa mahali pa kujaribu vipande vya silaha za atomiki, kama vitastahimili mtikiso na joto na baridi. Na katika miaka hiyo hiyo Wamarekani na Waingereza walianza kujenga hapo, penye matope yaitwayo Lantern Marshes, rada kubwa mno iitwayo Cobra Mist. Ilikuwa na mistari 18 ya nyaya iliyotandazwa kama upepeo, na kazi yake ilikuwa kurusha mawimbi mafupi juu na kuziona ndege na makombora mbali sana katika nchi za Warusi, nyuma ya upeo wa macho. Ilikwisha kujengwa mwaka 1971 kwa mamilioni mengi ya dola. Lakini walipoiwasha, walisikia kelele iliyofunika kila kitu. Wataalamu wakatafuta asili ya kelele hiyo, wasiione. Tarehe 30 Juni 1973 rada ikafungwa, ikiwa haijatimiza kazi yake.

Hivyo palibaki jengo kubwa tupu, na nguvu za umeme zilizokwisha kufikishwa, na matope ya chumvi karibu na bahari. Serikali ya Uingereza iliona ya kuwa mahali palipomshinda mwenye kupeleleza patamfaa mwenye kusema. Mitambo ya mawimbi ya kati ikatiwa humo, na milingoti ikasimamishwa, na katika mwaka 1978 kituo kikaanza kazi. Mitambo ilikuwa na nguvu ya kilowati 500. Tarehe 28 Septemba 1982 Harold Robin, fundi yule yule aliyeujenga mtambo wa Crowborough wakati wa vita, aliuzima kwa mkono wake. Mwezi huo huo kilohezi 648 ikaanza kuchukua matangazo ya BBC kwa Kiingereza kutoka Orford Ness, na kwa muda yalichanganywa na Kifaransa na Kijerumani.

Kwa karibu miaka 29 watu wa Uholanzi, na Ubelgiji, na Ujerumani, na Ufaransa ya kaskazini walijua ya kuwa wakifungua redio ndogo penye 648 watapata habari. Mchana sauti iliteleza juu ya maji mpaka kwao. Usiku ilipanda juu, ikashuka mbali zaidi ya hapo. Hakuna aliyewalazimisha kusikiliza. Walikuwa na redio za nchi zao, nzuri na zenye kusikika safi. Waliitafuta 648 kwa sababu walizoea kuona, mwaka kwa mwaka, ya kuwa waliloambiwa jana halikugeuka kuwa uongo leo. Sifa hiyo haikujengwa na kilowati 500. Kilowati ziliipeleka tu.

Katika Machi 2011 matangazo ya BBC kwa 648 yalikoma, kwa kuwa fedha zilipunguzwa, na wasikilizaji wengi walikuwa wamehamia njia nyingine. Lakini hadithi ina mwisho wa kuchekesha. Katika Machi 1964 vijana kadha walitia nanga meli karibu na Felixstowe, katika pwani hiyo hiyo ya Suffolk, wakapiga muziki kutoka nje ya mipaka ya serikali. Kituo chao kiliitwa Radio Caroline. Serikali iliwachukia, na katika Agosti 1967 sheria ya kuwakata ikaanza kutumika. Basi katika Desemba 2017 Radio Caroline, sasa kwa idhini halali, ilianza kusema penye 648 kutoka Orford Ness. Waliofukuzwa na serikali walipewa namba iliyokuwa ya serikali na mahali palipokuwa pa serikali. Walianza na kilowati 1 tu, yaani sehemu moja katika sehemu 500 za nguvu ya zamani, na bahari ikaichukua sauti yao hata hivyo, kwa kuwa bahari haina upendeleo.

Mnara wa taa wa Orford Ness, uliojengwa mwaka 1792 kuwaonya mabaharia, ulizimwa mwaka 2013 kwa kuwa maji yalikuwa yakiukaribia, nao ukabomolewa mwaka 2020. Kwa zaidi ya miaka 200 mabaharia waliufuata, kwa sababu mwanga wake ulimaanisha jambo moja tu, usiku wa leo kama usiku wa jana. Laiti mtu angeuwasha mara moja mahali pengine kwa hila, mabaharia wangeutilia shaka hata siku uliposema kweli.

Wasomaji wapenzi, twajifunza nini? Zamani mtu wa kijiji hakuwa na njia ya kusema na watu elfu. Siku hizi kijana mwenye simu ya mkononi aweza kulipeleka neno moja kwa watu wengi kabla chai haijapoa, wala hahitaji matope ya chumvi wala futi 350 za chuma. Kazi ya kufika imekuwa rahisi mno. Kazi ya kusadikiwa imebaki na ugumu wake wa kale. Wazee wetu husema ya kuwa njia ya mwongo ni fupi, na walisema hivyo kabla hawajaona redio. Basi kila mmoja wetu apokeapo neno kutoka mbali na aulize, Huyu amenena kweli mara ngapi? Na kila apelekapo neno na ajiulize, Kesho nitakapohitaji kusadikiwa, kwa kuleta habari ya ugonjwa, au ya moto, au ya mafuriko, je, watu wangu watainuka, au watasema, Huyo tumemzoea?